Félix Candela: Mkimbizi aliyeezeka masoko kwa zege jembamba

Katika soko la Coyoacán, kusini mwa Mexico City, wachuuzi wa matunda, nyama na nguo wanauza bidhaa zao chini ya miavuli ya zege. Kila mwavuli umesimama juu ya nguzo moja tu ya katikati. Mvua inyeshapo, maji hayamwagiki pembeni kwenye vichwa vya wanunuzi, bali huteremka kuelekea katikati na kushuka kwa bomba lililofichwa ndani ya nguzo. Soko hilo lilijengwa katikati ya miaka ya 1950, na ramani yake ilichorwa na wasanifu wa Kimeksiko Pedro Ramírez Vázquez na Rafael Mijares. Lakini miavuli yenyewe ni kazi ya hayati Félix Candela, Mhispania aliyeingia nchini humo mwaka 1939 akiwa mkimbizi.

Candela alizaliwa jijini Madrid tarehe 27 Januari 1910. Alisoma usanifu majengo katika chuo cha jijini humo na kuhitimu mwaka 1935. Katika ujana wake alijulikana zaidi kwa michezo kuliko kwa majengo, kwani alikuwa bingwa wa Hispania wa kuteleza kwenye theluji na alicheza raga. Hata hivyo, somo la hesabu za majengo lilimkaa vizuri, akawa anawafundisha wenzake waliokuwa wakilisumbukia.

Wakati huo wahandisi wa Ujerumani, akiwamo Franz Dischinger, walikuwa wameanza kujenga mapaa ya zege membamba yaliyopinda, yanayosimama kwa sababu ya umbo lake na si kwa sababu ya unene. Mapaa ya namna hiyo huitwa maganda, na jina linafaa. Ganda la yai ni jembamba, lakini ulibane kiganjani uone kazi yake. Candela alipata ufadhili wa kwenda Ujerumani kujifunza elimu hiyo mwaka 1936. Mizigo ilikwisha kutayarishwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipolipuka nchini mwake mwezi Julai, safari ikafa. Badala ya kwenda Ujerumani alijiunga na jeshi la serikali ya Jamhuri, akawa kapteni katika kikosi cha wahandisi.

Upande wake ulishindwa. Mapema mwaka 1939 watu karibu nusu milioni, askari na raia, wanawake na watoto, walivuka milima ya mpakani kuingia Ufaransa wakati wa baridi kali. Candela alikuwa miongoni mwao. Wafaransa waliwanyang'anya askari silaha zao na kuwafungia makambini, naye akawekwa katika kambi ya eneo la Perpignan, karibu na mpaka. Wasomaji wengi wa ukurasa huu hawahitaji kuelezwa zaidi jambo hilo. Mtu aliyekuwa na shahada, cheo na jina anageuka kuwa namba katika foleni ya chakula.

Aliyewafungulia mlango ni Rais Lázaro Cárdenas wa Meksiko, ambaye serikali yake ilikubali kupokea wakimbizi wa Kihispania kwa maelfu. Candela aliteuliwa kuwa miongoni mwa abiria wa meli iitwayo Sinaia, iliyobeba wakimbizi takriban 1,600. Meli hiyo ilitia nanga katika bandari ya Veracruz tarehe 13 Juni 1939. Alikuwa na umri wa miaka 29, na hakuwa na kitu mfukoni.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika jimbo la Chihuahua, kaskazini mwa nchi, kwenye makazi ya kilimo yaliyoandaliwa kwa ajili ya Wahispania wenzake. Huko alikuwa msanifu wa vijumba vya wakimbizi. Mwaka 1940 alifunga ndoa na Eladia Martín, ambaye alizaa naye mabinti wanne, na mwaka 1941 akapata uraia wa Meksiko. Miaka karibu kumi iliyofuata ilipita katika kazi za kawaida za kutafutia mkate: nyumba za watu, hoteli, michoro kwa ajili ya wakubwa wengine. Hata hivyo, usiku alikuwa akisoma. Alikusanya makala za wahandisi wa Ujerumani, Ufaransa na Marekani kuhusu maganda, akazipitia moja baada ya nyingine kwa kamusi na kalamu. Elimu ambayo alipaswa kuipata Ujerumani aliipata mezani kwake, ughaibuni, miaka kumi baadaye.

Mwaka 1949 alijaribu kwa mikono yake. Alisimamisha matao, akatandaza magunia juu yake, kisha akapaka zege juu ya magunia hayo mpaka likashika na kuwa paa. Mwaka uliofuata, 1950, alianzisha kampuni pamoja na ndugu wawili, Fernando na Raúl Fernández Rangel. Waliiita Cubiertas Ala. Kwa Kihispania cubiertas ni mapaa na ala ni bawa. Baadaye mdogo wake Candela, Antonio, naye aliingia kazini humo. Jambo la kuzingatia ni kwamba Candela hakuwa mchoraji wa ofisini tu, kwani yeye mwenyewe ndiye alikuwa mkandarasi. Akikosea hesabu, hasara ni yake. Akitumia mbao nyingi mno, anayelipa ni yeye.

Kazi iliyomtoa ni ndogo sana. Chuo Kikuu cha Taifa cha Meksiko kilikuwa kinajenga mji wake mpya, na wanasayansi walihitaji jengo la kupimia miale inayotoka angani. Miale hiyo haipiti vizuri kwenye zege nene, hivyo sharti lilikuwa kwamba paa, sehemu ya juu kabisa, lisizidi unene wa sentimeta moja na nusu. Msanifu Jorge González Reyna akamwendea Candela. Jengo lilikamilika mwaka 1951, na unene wa paa ulikuwa huohuo wa sentimeta 1.5 kwa juu. Weka kidole chako cha shahada ubavuni uone: zege la unene huo limesimama juu ya vichwa vya watu kwa zaidi ya miaka 70.

Ni hapo alipolitumia umbo ambalo lingemfuata maisha yake yote. Wahesabu wana jina refu la kulitaja, lakini msomaji anaweza kulitengeneza nyumbani. Chukua fito nne, uzifunge ncha kwa kamba upate mraba. Inua pembe mbili zinazotazamana, ukiziacha nyingine mbili chini. Sasa funga nyuzi kutoka ufito mmoja hadi ule unaoukabili, kwa nafasi zilizo sawa, kila uzi ukiwa umenyooka na kukazwa. Ukimaliza utashangaa. Nyuzi zote zimenyooka, lakini zikiwa pamoja zimefanya umbo lililopinda, linalofanana na tandiko la farasi. Ukilitazama upande mmoja limelegea kama kamba ya kuanikia nguo, na ukilitazama upande mwingine limeinuka kama tao la daraja. Upande mmoja unavuta, mwingine unasukuma, na kati yao zege hata la sentimeta 4 linatulia.

Siri ya Candela ilikuwa katika nyuzi hizo. Paa la zege haliji lenyewe. Kwanza sharti seremala ajenge paa la mbao chini yake, juu ya mirunda, ndipo nondo zilazwe na zege limwagwe, na baada ya siku kadhaa mbao zing'olewe. Kuba la mviringo linataka mbao zilizopindwa huku na huku, kila moja na kipimo chake, na karibu zote zinakuwa kuni baada ya kazi. Umbo la Candela lilitaka ubao ulionyooka tu, ule unaouzwa dukani, ukilazwa palepale uzi ulipopita. Fundi wa kijijini ambaye hajawahi kusikia habari za hesabu za juu angeweza kuujenga mkunjo huo ilimradi aonyeshwe ncha mbili za kila ubao. Hesabu zenyewe nazo zilikuwa fupi kiasi cha kumalizika kwa kalamu na karatasi, bila mashine.

Kwa kuunganisha vipande vinne vya umbo hilo juu ya nguzo moja alipata mwavuli. Hapo ndipo fedha ya kampuni ilipotoka. Maghala, viwanda na masoko viliezekwa kwa miavuli iliyopangwa safu kwa safu, na mbao za mwavuli mmoja zilihamishwa kutumika kwa mwingine. Ipo picha mashuhuri ya mwavuli wa majaribio ambapo vibarua wamesimama juu yake wakijipanga, kuwaonyesha wateja wenye wasiwasi kwamba hauvunjiki. Kampuni ilijenga mapaa ya namna hii kwa mamia. Wanaoandika habari za Candela hupenda kusimulia makanisa yake, lakini kwa maoni yangu miavuli ndiyo iliyomfanya kuwa Candela. Ilikuwa rahisi kuliko mabati na nguzo za chuma katika nchi ambayo chuma kilikuwa ghali na mikono ya watu ilikuwa nafuu.

Makanisa hata hivyo hayawezi kurukwa. La Medalla Milagrosa, lililojengwa jijini Mexico City kati ya mwaka 1953 na 1955, ni miavuli ileile iliyokunjwa na kuinamishwa mpaka nguzo zikaonekana kama vigogo vya miti. Kikanisa cha juu ya mlima huko Cuernavaca, cha mwaka 1958, ni tandiko moja kubwa lililo wazi mbele na nyuma. Hicho kiliporomoka mara ya kwanza mbao zilipokuwa zikiondolewa. Candela alikijenga upya, safari hii akipunguza kimo cha mdomo wake, na kingali kimesimama.

Mwaka huohuo wa 1958 ulimalizika mgahawa wa Los Manantiales huko Xochimilco, kando ya mifereji ambayo watu wa jiji huenda kustarehe kwa mitumbwi siku za Jumapili. Matandiko manne yamekatana na kufanya ua la petali nane. Unene ni sentimeta 4, na kingo zake hazina boriti, zimeachwa nyembamba wazi ili mtazamaji auone unene wa kweli. Ardhi ya Xochimilco ni tope la ziwa la kale, hivyo hata misingi aliifanya kwa umbo la mwavuli uliogeuzwa, ikaunganishwa kwa vyuma ili isitawanyike. Mgahawa ulipita salama katika tetemeko kubwa la mwaka 1985. Lile la Septemba 2017 liliujeruhi.

Sifa zikamiminika. Mwaka 1961 alipewa medali ya dhahabu ya taasisi ya wahandisi wa majengo ya Uingereza, na mwaka huohuo akaitwa Chuo Kikuu cha Harvard kushika kiti cha uprofesa cha Charles Eliot Norton, ambacho kilianzishwa kwa ajili ya ushairi. Mtu wa zege akaketi kwenye kiti cha washairi, na hakuna aliyelalamika.

Ni katika miaka hiyo ambapo mgogoro wa Sydney uligawanya wajenzi duniani, na unagusa moja kwa moja jinsi mapaa yanavyochorwa hivi leo. Mwaka 1957 Mdenishi Jørn Utzon alishinda shindano la kusanifu jumba la opera la Sydney, Australia, kwa mchoro wa mapaa mithili ya matanga ya jahazi. Matanga hayo yalichorwa kwa mkono huru, hayakufuata kanuni yoyote ya hesabu. Wahandisi wa kampuni ya Ove Arup walihangaika nayo kwa miaka, wakitumia kompyuta katika zama ambazo kompyuta ilijaza chumba kizima, mpaka mwaka 1961 ilipoamuliwa kwamba mapaa yote yakatwe kutoka katika tufe moja. Utzon alijiuzulu mwaka 1966. Jumba lilifunguliwa mwaka 1973 kwa gharama ya dola milioni 102 za Australia, ilhali makadirio ya awali yalikuwa milioni 7. Mwaka 1967 Candela aliandika makala kali akiiita kazi hiyo kashfa. Hoja yake ilikuwa kwamba msanifu hana haki ya kuchora umbo kwanza na kumwachia mwingine taabu ya kulisimamisha.

Dunia haikumsikiliza. Jumba la Sydney limekuwa nembo ya nchi nzima, na njia ya Utzon ndiyo iliyoshinda. Leo kijana mwenye kompyuta ya mkononi anaweza kuchora paa lolote analoliota. Analifinyanga katika programu ya maumbo kama Rhino au SketchUp, kisha analiingiza katika programu ya kuchora majengo kama Revit, kisha anachagua uso wa umbo hilo na kuiamuru programu itandaze paa juu yake. Dakika chache, kazi imekwisha. Wanafunzi wangu wa uchoraji wa kiufundi hunionyesha mapaa ya namna hiyo kwenye skrini, nami hukiri kwamba yanapendeza.

Lakini wafanyabiashara wa mpakani wanajua kuwa mzigo ukivuka, si kila kitu huvuka nao. Umbo linapoingizwa kutoka programu nyingine huwa ni gamba tupu. Halijui kwamba lenyewe ni paa, halina unene, halina tabaka za saruji wala za bati, halina habari ya maji yatakapotiririkia. Vitu hivyo huja baada ya kutandaza paa lenyewe juu ya uso, na mchoraji ndiye wa kuvijaza. Mara nyingine umbo linafika likiwa limevunjwavunjwa kuwa pembetatu ndogo mamia kwa mamia, na programu inakataa kulitambua kuwa uso mmoja. Na mchoraji akirudi kulirekebisha umbo la awali, paa lililokwisha tandazwa halimfuati mpaka aliamuru lijirekebishe. Asiyejua hilo hupeleka kwa mkandarasi ramani mbili zisizokubaliana katika jengo moja.

Kuna swali moja ambalo programu haiulizi kabisa: ubao utalazwa wapi? Tandiko la Candela na mkunjo wa kubahatisha vinaonekana sawa kwenye skrini, vinatandazwa kwa amri ileile, na vinatoa picha nzuri ileile. Tofauti inajitokeza kiwanjani. La kwanza linajengwa kwa mbao za dukani. La pili linahitaji kiwanda cha kukata kila kipande kwa mashine, na katika nchi zetu kiwanda hicho aghalabu kipo ng'ambo. Kwa sababu hiyo huwataka wanafunzi, kabla ya kuliingiza umbo, wajenge kwanza mfano wake kwa fito na nyuzi. Nilisoma chini ya shitingi katika kambi ya wakimbizi, na shitingi nayo ni mwalimu wa mapaa. Tulipoivuta pembe mbili juu na mbili chini, upepo haukuipigapiga na maji hayakutuama. Tulipoifunga bapa, ilijaa maji usiku wa kwanza wa mvua ikatuangukia.

Maganda ya Candela nayo yalifikiwa na soko. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 mishahara ya vibarua nchini Meksiko ilikuwa imepanda, na paa linalotaka maseremala wengi likaacha kuwa rahisi. Kwa michezo ya Olimpiki ya mwaka 1968 alishirikiana na wasanifu wawili kujenga jumba la michezo la Mexico City, lenye kuba kubwa lililofunikwa kwa shaba, lakini hilo halikuwa tena ganda la zege. Chini yake ni vyuma. Mkewe Eladia alikwisha kufariki, akaoa tena, na mwaka 1971 alihamia Marekani kufundisha katika Chuo Kikuu cha Illinois huko Chicago. Mwaka 1978 akachukua uraia wa huko. Ulikuwa uraia wake wa tatu.

Nchini Hispania utawala wa Jenerali Franco uliomfukuza ulidumu mpaka mwaka 1975. Candela alikwenda huko kwa ziara na kwa kazi, lakini makazi yake hakuyarudisha tena. Alifariki tarehe 7 Desemba 1997 katika jimbo la North Carolina, Marekani, akiwa na umri wa miaka 87.

Mwaka wa kifo chake alikuwa akishughulika na mchoro wa paa kwa ajili ya jengo la kuonyeshea viumbe vya baharini katika mji wa Valencia, Hispania. Alilichukua ua la Xochimilco na kulichora upya kwa ukubwa mwingine. Wahandisi Alberto Domingo na Carlos Lázaro waliimaliza kazi hiyo baada yake. Hesabu walizifanya kwa kompyuta, na ndani ya zege walitia nyuzi fupi za chuma, mbinu ambayo Candela hakuwa nayo mwaka 1958. Umbo hawakuligusa. Jengo lilifunguliwa mwezi Februari 2003, miaka 64 baada ya kapteni yule wa kikosi cha wahandisi kuvuka mpaka kwa miguu kuelekea Perpignan.